Skrubu ya Tundu la Pumzi

Fundi friji wa mtaa wetu si mtu wa kuogopa vivuli. Anashinda bandani kwake kutwa, redio ikikoroma, kopo la povu la sabuni pembeni. Bomba la gesi likivuja, yeye hupaka povu tu; palipotoboka panavimba, kazi kwisha. Ndiyo maana bintiye alipomganda amtengenezee ubao wa tanga, ule wa kuteleza juu ya maji, hakuona ugumu wake.

Ubao ulikuwa wa mdogo wake fundi. Alitoka nao baharini asubuhi moja yenye upepo mzuri, ubao ukarudi peke yake, umepasuka ubavuni. Mwenyewe hadi leo hajaonekana.

"Jumamosi ni mashindano, baba. Baba mdogo alinifundishia huu huu. Nikipanda mwingine nitajiona namkana."

Angekataaje? Mtoto mwenyewe ndiye huyo huyo mmoja. Akausimamisha ubao, ufa chini, maji yachuruzike. Ulipokauka akaupiga msasa. Kisha akafanya kama alivyozoea: akapaka povu juu ya ufa, akafungua skrubu ya tundu dogo la kupitishia hewa ndani ya ubao, akaweka mdomo na kupuliza, aone ufa unaishia wapi.

Povu likavimba. Safi kabisa. Akaondoa mdomo.

Povu likanywea. Likavimba tena. Likanywea.

Taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Joto tu hilo," akajiambia. Ilikuwa saa nane mchana, jua la kupasua kichwa, na joto hutanua hewa, nani asiyejua? Lakini hakupuliza tena. Akafunika ufa kwa fibaglasi, akapaka gundi tabaka mbili harakaharaka, skrubu akaikaza mpaka bisibisi ikateleza. Hapo ndipo alipokosea, maana gundi ikiwa mbichi lile tundu huachwa wazi, hewa ya ndani ipate pa kutokea, na yeye alilijua hilo fika. Alitaka tu kile kitu kinyamaze.

Alikuwa ananawa aliposikia kitu kinagonga ndani ya ubao.

Ko, ko. Kimya. Ko.

Walipokuwa wadogo, yeye na mdogo wake walikuwa na mchezo wao wa siri. Mmoja anazama ndani ya pipa la maji, mwingine anakalia kifuniko na kuhesabu. Ukishindwa unagonga mara mbili, unanyamaza, unagonga moja. Maana yake: kaka, nitoe. Siku moja fundi alisikia na hakuinuka. Akahesabu kumi zaidi, huku anacheka. Mdogo wake alitoka midomo imegeuka bluu, na wala hakumsemea kwa mama.

Ko, ko. Ko.

"Nisamehe," fundi akanong'ona.

Skrubu hakuigusa. Alitoka mbio, kandambili moja ikabaki mlangoni, akaenda kujibanza kwa kinyozi mpaka jua likapoa. Huko akaapa moyoni kwamba ubao ule hauendi majini na mwanawe. Atauvunja, binti anune, akichoka aache.

Aliporudi nyumbani, binti alikuwa mezani, uso umechanua, glasi ya maji mbele yake.

"Baba nawe! Unafunga skrubu na gundi bado mbichi? Nimeifungua mimi. Hewa imetoka, we! Imenipiga usoni."

"Umeivuta?"

"Nini?"

"Hiyo hewa, mwanangu. Umeivuta?"

Binti akacheka. "Sasa ningeacha kupumua, baba?"

Akanyanyua glasi, akainywa yote kwa mkupuo, akaiweka chini. Akatulia. Hakupumua. Fundi akajikuta anahesabu. Ishirini. Arobaini. Macho ya mtoto yalimtazama bila kupepesa. Sitini. Midomo ikaanza kubadilika rangi.

Ngumi yake ndogo ikagonga meza.

Ko, ko. Kimya. Ko.

"Nani kakufundisha hivyo?" fundi akauliza.

Binti akashtuka, akavuta pumzi. "Hivyo vipi, baba?"

Akainuka, akaenda zake chumbani akiimba. Pale alipogonga palibaki alama tatu za maji. Maji ya glasi yalikuwa ya bomba, fundi aliyachota na kuyachemsha mwenyewe asubuhi. Akazigusa alama kwa kidole, akaonja.

Chumvi tupu.