Soksi Kwenye Mashine ya Vifaranga

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, msichana alisoma namba kwenye mashine ya kutotoleshea vifaranga ya shangazi yake na kuziandika daftarini. Mashine ilikuwa na vipimajoto viwili, na programu yake ilipandisha au kushusha joto yenyewe. Zilibaki siku tatu mayai mia tatu yaanguliwe. Siku hizo mlango haufunguliwi, maana unyevu ukitoka, kifaranga hukaukia ndani ya ganda.

Asubuhi hiyo namba hazikupatana. Kipimajoto cha juu kilisema nyuzi thelathini na saba, cha chini thelathini na tatu. Feni ilizunguka, ikanyamaza, ikazunguka tena. Mashine ilipandisha joto kidogo, ikasubiri, ikalishusha. Kisha taa nyekundu ikawaka na maneno yakatokea: "Sina hakika. Kagua vipimajoto."

Shangazi alizunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alimpigia simu fundi, akalalamika kwamba amemuuzia mashine yenye woga. Fundi akamwambia huo si woga. Programu haikujua kipimajoto kipi kinasema kweli, kwa hiyo ilikwenda hatua ndogondogo isije ikaharibu. Akauliza kama kuna mtu aliyegusa kitu ndani.

"Nani aguse? Mlango nimeufunga mwenyewe tangu juzi."

Msichana alitazama viatu vyake.

Shangazi akakata simu. "Mayai yanapata baridi. Naizima hiyo programu, napandisha joto mwenyewe." Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kitufe.

Msichana alijua ukweli. Baridi hiyo haikuwepo. Joto lingeongezwa, mayai yangeiva.

"Shangazi, usibonyeze. Jana nilianika soksi humo. Nilipozivuta, kipimajoto cha chini kikaangukia kwenye trei ya maji. Niliogopa kusema."

"Soksi? Juu ya mayai yangu?"

Shangazi alifungua mlango, akakipangusa kipimajoto, akakirudisha mahali pake na kufunga upesi. Wakasubiri bila kuketi. Namba zikakaribiana, zikalingana, taa ikazimika.

Siku ya tatu sauti nyembamba zilisikika ndani ya mashine. Shangazi alimwita msichana.

"Mashine haikujua, ikasema haijui. Wewe ulijua, ukanyamaza. Nani aliyetaka kuniulia vifaranga?"

"Mimi, shangazi."

"Ndiyo. Na kwa sababu ulisema, wanalia humo. Siku nyingine sema kabla sijashika kitufe. Na soksi zianike kambani, kama watu."