Mtu wa Karabai

Jioni ile Akelo alitumwa jambo dogo tu: apite kwa Ngosha, achukue kitabu cha marehemu mdogo wake, kilichokuwa kinawekwa jalada, kabla duka halijafungwa. Stationery ya Ngosha iko Igoma, nyuma ya mafundi wa mageti, na kutoka kwao ni mwendo wa dakika saba. Mama yake, Dorcas, alimsindikiza hadi mlangoni kama mtu anayemuaga msafiri.

"Usikifungue njiani," alimwambia. "Tutakifungua wote."

Kitabu chenyewe kilikuwa kauntabuku, zile nene za wanafunzi. Odoyo hakuandika humo hata neno moja. Alichora.

Ugonjwa huo ulimwanza akiwa kidato cha pili, kwa katuni za Kijapani alizozisoma kwenye simu iliyopasuka kioo. Hakuzitaka zile za kuchekesha wala za kupigana. Alipenda zile za dunia zijazo, ambazo ukizimaliza hujui umesoma nini: majengo yasiyo na mwisho, mashine zilizolala, ngazi zinazoshuka gizani, na mtu mmoja mdogo anayetembea ukurasa baada ya ukurasa bila kusema anakokwenda.

"Sasa hii maana yake nini?" Akelo alikuwa akimuuliza.

"Dada, acha kutafuta maana. Angalia kwanza."

Akelo hakuangalia. Alikuwa na cherehani yake na wateja wake, na aliona hayo ni mambo ya vijana wasio na kazi. Lakini ukweli usemwe, kuna mara mbili tatu jicho lilimponyoka. Aliona miamba ya Mwanza imepandishwa mpaka mawinguni, ina nyaya na madirisha, imesimama katikati ya ziwa kama mji. Aliona mtu mdogo ana karabai mkononi. Akajikuta amesimama pale mpaka chai imepoa, halafu akajikasirikia.

Siku moja kabla ya safari, Odoyo alimletea kauntabuku hilo. "Nimemaliza, dada. Soma basi, hata usiku mmoja tu."

"Ukirudi," Akelo alimjibu, bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa.

Odoyo aliondoka na wavuvi wa dagaa kwenda kuchora miamba ya visiwani. Mtumbwi ukapinduka. Wenzake wawili waliokolewa. Yeye hakuonekana, wala mwili wake.

Wajaluo hawaachi kaburi la mtu wao tupu. Baba mdogo Zadok aliwachukua mpaka kwao Rorya, akakata tunda la yago, lile refu na zito kama mguu wa mtoto, wakalifunga shuka jeupe, wakalililia, wakalizika kwa jina la Odoyo. Tunda likishaingia ardhini, mambo yamekwisha. Zadok aliwaambia kabla hawajarudi Mwanza: "Mmeshamzika. Akija kubisha hodi, msimfungulie. Atakayekuwa amesimama pale si mtoto wenu tena."

Mama Dorcas aliitikia kwa kichwa. Kuitikia kwa kichwa si kukubali.

Akelo alipofika, Ngosha alikuwa amekaa nje ya duka lake, kitabu kiko mezani ndani, peke yake. Hakuingia kukichukua.

"Kichukue mwenyewe, dada."

"Kuna nini, kaka Ngosha?"

Ngosha aliangalia chini. Alikuwa rafiki wa Odoyo, na jalada alikuwa amelitengeneza bure: gumu, jeusi, picha ya marehemu mbele, jina lake kwa herufi za dhahabu.

"Kitabu kinatoa maji," alisema kwa sauti ndogo. "Kila nikikausha... kesho yake kimelowa tena. Na ukikifunga, unasikia mtu anatembea."

Akelo alidhani ni huzuni inamchanganya mwenzake. Akakichukua. Jalada lilikuwa baridi. Lilinuka wino na tope la ziwa na dagaa mbichi. Njia nzima alikishika mbali na kifua chake, na maji yakawa yanamdondokea kwenye viatu, tone... tone...

Nyumbani umeme ulikuwa umekatika. Mama Dorcas alikuwa amewasha taa ya sola na kutandika kanga yake ya kijani mezani. Alipangusa mikono, akaipapasa picha ya mwanawe, akafungua jalada.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa mlango.

Mlango wa bati wa rangi ya bluu, una kibonyeo pale chini ambapo Odoyo aliugonga kwa baiskeli akiwa darasa la tano. Mlango wao. Mbele yake amesimama yule mtu mdogo, karabai mkono wa kushoto, mkono wa kulia ameuinua.

Ko.

Ko.

Ko.

Chini ya mlango, kwenye ule uwazi wanaoingilia panya, mwanga ulikuwa unatetemeka. Mweupe. Mwanga wa karabai.

"Nyathina," mama alinong'ona. Mwanangu. Alikuwa ameshainuka nusu.

Akelo alimdaka mkono. Alimshika kwa nguvu ambayo hakujua kama anayo, kwa sababu aliogopa, na mtu mwoga ana nguvu za ajabu.

"Mama, usijibu. Baba mdogo alisema."

"Ni mtoto wangu."

"Tumemzika, mama."

Walibaki hivyo, mmoja anavuta, mmoja anazuia. Kutoka nje, harufu ya ziwa iliingia mpaka ndani ya sufuria. Mama aliacha kuvuta. Aliangalia mlango, akaangalia kitabu, akafanya ambacho mama yeyote asiyeruhusiwa kufungua mlango angefanya. Alifunua ukurasa wa pili, aone kama humo ndani kuna aliyemfungulia.

Mtu wa karabai hakuwa mlangoni. Alikuwa kwenye bomba la maji, hatua thelathini kutoka nyumbani.

Mwanga chini ya mlango ulipungua.

"Anaondoka," mama alisema. "Odoyo, ngoja."

Akafunua tena. Mtu yuko kwenye mwamba wa wanaofua. Akafunua. Yuko barabarani. Nje walisikia hatua, chwa... chwa... zinafifia upande uleule. Mama alikuwa analia sasa, anafunua haraka zaidi, kama mtu anayekimbia nyuma ya mwanawe akijaribu kumshika shati. Kadiri alivyofunua, ndivyo mtu alivyozidi kuwa mdogo. Yuko mwaloni, mitumbwi inapotua. Maji ya magoti. Maji ya kifua. Kisha ule mji ukaanza kuinuka nyuma yake, miamba juu ya miamba, madirisha maelfu na hakuna hata moja lenye taa. Ulikuwa mzuri. Akelo aliona aibu kwamba hata saa ile aliuona mzuri, na macho yake hayakutaka kutoka.

Ndiyo maana aliona.

Yule mtu hakuwa amewapa mgongo. Tangu ukurasa wa bomba, kwenye kila ukurasa alikuwa amewageukia wao. Mawimbi aliyoyakata yalikuwa nyuma yake, upande wa mji. Mtu anayeondoka haachi njia ya mawimbi upande ule anakokwenda.

Hakuwa anaondoka. Alikuwa anakuja.

Na hapo sauti ya Odoyo ikamrudia, ile ya kila siku, ya utani. Dada, hizi hazisomwi hivyo. Za Wajapani zinaanzia kulia. Unapopaita mwisho ndipo mwanzo. Alimwambia hivyo mara ngapi, naye akamjibu mara ngapi kwamba vitabu vyote alivyosoma yeye vinaanzia kushoto? Odoyo aliligeuza kauntabuku na kuanza kuchora kutoka nyuma. Ngosha aliweka jalada mbele, kama vitabu vyote vya Igoma. Na wao wawili, ukurasa kwa ukurasa, walikuwa wanamrudisha ziwani.

"Mama, acha! Usifunue!"

Kidole cha mama kilikuwa kimeshapita. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na dirisha moja tu kwenye ukuta mrefu mweusi. Ndani ya dirisha, karabai. Wakiwa wanaitazama, ikazimika.

Huko mbali, upande wa ziwa ambako mtu wa Igoma hawezi kusikia kitu, walisikia maji yakijifunga.

Akelo alikigeuza kitabu. Alianzia kulia, kama alivyofundishwa. Dirisha. Mji. Maji ya kifua, maji ya magoti, mwalo, barabara, mwamba, bomba, mlango. Kila kitu kilikuwepo. Mtu hakuwepo. Hakuwepo kwenye ukurasa hata mmoja.

Ndipo walipofungua mlango. Kwenye saruji palikuwa na nyayo mbili zilizolowa, vidole vimeelekea ndani. Za kuondoka hazikuwepo.

Ngosha aliposimuliwa alilia sana, akalibandua jalada na kuliweka upande wa kulia. Baba mdogo Zadok alisema kwenye simu kitabu kichomwe. Mama Dorcas alimjibu kwa heshima zote kwamba shemeji amesikika, akakata simu. Tangu siku hiyo, jua likishuka, mlango wa bluu huachwa wazi, mbu waingie wanavyotaka. Akelo anafunga cherehani mapema. Wanakisoma kitabu kuanzia kulia, taratibu, hawaruki ukurasa. Akelo hajui maana yake na ameacha kuitafuta. Anaangalia. Angempa Odoyo usiku ule mmoja aliouomba, siku ile mlango ulipogongwa angejua pa kuanzia. Hilo halimtoki.

Kitabu bado kinalowa. Wiki iliyopita walipofika ukurasa wa mwisho, ule wa mlango, mama aliweka kidole juu yake. Odoyo aliuchora mlango umefungwa. Sasa uko wazi. Ndani, kwenye mwanga mdogo wa taa, wamechorwa wanawake wawili wamekaa mezani, kwa wino uleule na mkono uleule, na mbele yao kuna kanga.

Wanatazama nje. Ua umechorwa mpaka kwenye bomba, na hakuna mtu.