Vipochi vya Utepe Mweusi

Kila asubuhi Mwikali alichota maji mferejini, akachemsha chai, akafagia chumba, kisha akaenda shule peke yake. Baba yake, Mutua, alikuwa amekwisha kutoka kwenda karakana ya bandarini, alikofanya kazi ya kufunga nyaya za umeme. Mama na wadogo zake walibaki Machakos kulima. Hapa Changamwe chumba kilikuwa kimya mno, na Mwikali alikichukia kimya hicho.

Shuleni nako hakukuwa afadhali. Siku ya kwanza alijibu swali kwa matamshi ya kwao, darasa zima likaangua kicheko. Tangu hapo alifunga mdomo. Wakati wa mapumziko alikaa nyuma ya jiko la shule, akiwasikiliza wenzake wakicheza.

Mtu wa kumchangamsha alikuwa mmoja tu, Kefa, fundi mwenzake baba. Jioni Kefa alikula nao, akitania kwamba ugali wa Mwikali ungefaa kujengea ukuta. Alimletea vipande vya utepe wa gundi vilivyobaki kazini. Ulikuwa utepe mweusi wa kitambaa, imara, wa kufungia nyaya. Mwikali alivikata vyembamba kwa mkasi, akavisuka juu ya karatasi ngumu ya boksi la sabuni mpaka akapata kipochi.

Ruwaida, binti wa mwenye duka, alikiona darasani.

"Hebu lete nione! Wallahi kizuri! Umekinunua wapi?"

"Nimekitengeneza mwenyewe."

"Basi nifanyie na mimi, nikibebe siku ya Uhuru."

Kufumba na kufumbua, wasichana wengine nao wakamzunguka. "Na mimi, Mwikali! Na mimi!" Tangu atoke kwao hakuna msichana aliyewahi kumwita jina lake kwa furaha namna ile. Aliwaahidi wote, bila kufikiri utepe utatoka wapi.

Vipande viliisha baada ya kipochi cha Ruwaida. Jumapili, baba alipokwenda kanisani, Mwikali alifungua sanduku la kazi la baba. Ndani mlikuwa na utepe mpya, mzima. Nikichukua kidogo nani atajua, aliwaza. Kidogo kikawa kingi. Alipomaliza vipochi, utepe ulikuwa umebaki mwembamba kama bangili, naye akaingiwa na hofu. Akaukunjua wote, akazungusha karatasi ngumu ya boksi katikati, kisha akauviringisha utepe uliobaki juu yake. Ukaonekana mzima tena.

Jumatatu aliwagawia wenzake vipochi, akacheza nao kwa mara ya kwanza. Alirudi nyumbani akiimba, akapika, akaandaa sahani tatu.

Baba alirudi peke yake. Aliweka mezani kipande cha karatasi ngumu.

"Nimeaibika leo," alisema. "Nafunga waya mbele ya msimamizi, mara utepe umeisha, imetokea karatasi hii! Akaniuliza mwizi ni nani. Sanduku hilo tunalishika mimi na Kefa tu, nami nikamtaja Kefa. Amesimamishwa. Kesho atafukuzwa."

Mwikali aliitazama sahani ya tatu. Akisema, baba atakasirika, na wale wasichana hatawaona tena. Akinyamaza, kibarua cha Kefa kitaota nyasi. Machozi yalimtoka kabla ya maneno.

"Baba, mjomba Kefa hakuiba. Ni mimi."

Alieleza yote. Mutua hakumpiga. Alishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Vaa viatu."

Walimkuta Kefa akikunja nguo zake, anafunga safari ya kwao.

"Ndugu yangu, nimekukosea," Mutua alisema. "Nilikutaja bila hata kukuuliza."

"Nisamehe, mjomba," Mwikali alisema huku akilia. "Ni mimi niliyechukua utepe. Nilitaka wawe rafiki zangu."

Kefa aliendelea kulikunja shati lililokuwa mkononi.

Asubuhi Mutua alimweleza msimamizi ukweli. Alikemewa vikali mbele ya mafundi, lakini Kefa alirudishwa kazini. Shuleni, Mwikali aliwaambia wenzake kwamba utepe haukuwa wake na vipochi vimekwisha. Wakatazamana, wakaenda kucheza bila yeye. Alirudi nyuma ya jiko, mahali pake pa zamani.

Punde Ruwaida akaja, akaketi kando yake.

"Nyanya yangu ana ukindu tele wa kusukia mikeka," alisema. "Njoo leo tusuke, unifundishe. Lakini ukifika anza na shikamoo, yule mkali!"

Mwikali akacheka, jambo ambalo halikuwahi kutokea mahali pale.

Jioni aliandaa sahani tatu tena, ingawa hakuwa na hakika. Mlango ulibishwa. Kefa aliingia, akaketi, akamega tonge.

"Bado mgumu," alisema. Baba alicheka kwanza, kisha Mwikali.

Kefa alimtazama, sasa bila utani. "Mwanangu, upweke unauma. Hata mimi niko mbali na kwetu, naujua. Lakini cha mtu hakiuponyi. Ulinunua marafiki wa siku moja kwa jina langu, na jina ndilo pekee nililokuja nalo huku. Siku nyingine ukiwa mpweke, tuambie. Kusema hakumfukuzishi mtu kazi."

"Nimesikia, mjomba," alisema Mwikali, akamwongezea mchuzi.