Aliyetaka Pumzi

Chumba cha kuwatengea wagonjwa, katika hospitali moja ya Kassala, kilikuwa kimeoshwa kwa klorini na kufungwa. Mchana ule mtu akakohoa ndani yake.

"Awadiya, umesikia?" Sittana alimuuliza muuguzi mwenzake.

"Nimesikia njaa yangu. Njoo nikuchanje, dada, dozi za chanjo mpya zimebaki."

"Dawa iliyopikwa haraka haraka hiyo? Chanjaneni wenyewe."

Akafungua chumba. Hapakuwa na mtu, ila harufu ya nywele zilizoungua. Ikamkaba, akaivua barakoa apate hewa. Kitu baridi kikampita midomoni.

Alirudi nyumbani na sare ile ile, hoi, hata kunawa hakunawa. Mama yake, Haja Batuli, alikuwa anamimina kahawa ya tangawizi. Sittana akambusu mkono.

"Mwenzio mbona humkaribishi?"

"Mwenzangu yupi, mama?"

"Huyo mrefu."

Tangu hapo harufu ile haikuondoka, ikalala kwenye mito, ikapanda mapazia, ikakaa kifuani mwa Haja Batuli, naye akawa anavuta pumzi fupi fupi kama anayenyang'anywa, huku pembeni ya kitanda kukisikika mwingine akivuta ndefu, zilizoshiba, wala hapakuwa na mtu pale.

Hospitalini oksijeni ilikuwa imekwisha. Sittana akamwita shekha wa zari, bibi apungaye pepo kwa ngoma na ubani.

"Wataka nini, bwana mkubwa?" shekha alinong'ona. "Mbuzi? Manukato? Dhahabu?"

Kinywa cha Haja Batuli kikajibu kwa sauti nzito. "Pumzi."

"Nani kakuleta?"

"Binti. Kanishika mkono hadi mlangoni."

Shekha akaanza kukusanya vitu vyake.

"Bibi, usituache!"

"Mwanangu, pepo wengine huomba, nasi tukawapa. Huyu haombi."

Haja Batuli alikata roho kabla ubani haujaungua wote.

Wakaja wanawake wa matanga, wakilia, mikono wazi. Sittana akarudi nyuma hadi ukutani.

"Msinishike! Nawaomba, msinishike!"

"Uchungu huo," walisema. "Mkumbatieni."

Khalati Rugaya, dada wa marehemu, akamvuta kwa nguvu, shavu kwa shavu. Sittana akahisi ubaridi ukimtoka kifuani taratibu, kama mgeni anayehama nyumba. Khalati akameza mate mara mbili, akajishika koo.

"Nani anaunguza nywele humu?" akauliza, na nyuma yake wenzake walikuwa wanasogea, kila mmoja akingoja zamu yake ya kumkumbatia.