Sauti ya Munyi Ndani ya Wimbo wa Kinya

Jumamosi, tarehe 14 Desemba 2024, Kinya Muthamia alisimama mbele ya duka la Munyi mjini Siakago, vumbi la safari likiwa bado kwenye viatu vyake. Duka lilikuwa la mbegu na dawa za mifugo. Munyi alikuwa akimpimia mteja dawa ya kupe. Aliinua macho, akamwona, akayarudisha kwenye chupa.

"Karibu, madam," alisema. "Nikusaidie na nini?"

Kinya alitabasamu akidhani ni utani. Walikuwa wachumba tangu siku alipoondoka kwenda Uholanzi kusomea shahada ya uzamivu, na Munyi hakuwahi kumwita madam.

"Munyi, ni mimi."

"Ninakuona. Wacha nimalize na Mama Sheila."

Mama Sheila aligeuka, akamkagua Kinya kuanzia nywele hadi vidole vya miguu.

"Si huyu ndiye wa redio? Wa wimbo wa Geti? Kumbe ni mfupi hivi."

"Ni mimi, mama. Habari yako?"

"Mzuri. Huo wimbo uliniliza nikikama mbuzi, mpaka mbuzi akageuka kuniangalia. Na yule mwanamume anayeongea hapo mwanzo..." Alimtupia Munyi jicho, akapunguza sauti, ingawa si sana. "Sisi wote tulimjua kabla hajamaliza kusema. Munyi, hiyo dawa ni ya mbuzi, usinipimie kama ya kuku."

Munyi alifunga chupa bila kucheka. Mama Sheila alipoondoka, duka lilibaki na harufu ya dawa tu.

"Mbona hujibu ujumbe wangu?" Kinya aliuliza.

"Ninajibu."

"Unajibu 'Sawa'. Kila siku 'Sawa'."

"Ndilo jibu nililokuwa nalo."

"Munyi, Jumamosi ijayo wazee wenu wanatarajiwa kwetu Nchiru kuniposa. Baba amepaka nyumba rangi. Wanakuja au hawaji?"

"Wazee walimuuliza mama kama waende. Mama alisema hajui." Alipangusa kaunta iliyokuwa safi. "Waliniuliza mimi. Nikasema sijui."

Hapo ndipo Kinya alipoelewa kwamba hii haikuwa hasira ya siku chache; alikuwa karibu kumpoteza Munyi mwenyewe.

Kwa miaka hiyo yote Kinya aliishi maisha mawili. Siku za kazi alikuwa katika maabara ya chuo, akichunguza mbegu za ndengu na mtama zinazohifadhiwa na akina mama wa Mbeere. Siku za mapumziko aliingia katika kabati la nguo la chumba chake cha kupanga, akajifunika blanketi ili kelele za mtaani zisiingie, akarekodi nyimbo alizozitunga mwenyewe. Hakuwa na kampuni ya muziki. Kampuni yake ilikuwa Munyi. Kila wimbo aliusikiliza yeye kwanza, akamwambia Kinya ukweli, kisha akauzungusha katika vituo vya redio vya Embu na Meru.

Hata utafiti ulimtegemea Munyi. Kinya alipokuja nyumbani kuwahoji akina mama, yeye ndiye aliyetafsiri Kimbeere. Kabla ya kuwasha kinasa sauti, Kinya alikuwa na maneno ambayo chuo kilimtaka ayaseme kwa kila mmoja: "Mama, ninaomba kurekodi sauti yako. Ukikataa, hakuna ubaya. Ukibadilisha mawazo hata mwaka ujao, nitaifuta." Munyi aliyatafsiri maneno hayo mara nyingi hata akayajua kwa moyo.

Mwezi wa Agosti, Munyi alimtumia Kinya ujumbe wa sauti. Ulikuwa mrefu, wenye vituo vingi. Alimweleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Baba yake alipokuwa mahututi katika hospitali moja ya Embu, alikuwa akimwita. Munyi alifika getini, akaona watu wakitoka wakilia, miguu ikakataa kwenda mbele. Akaketi na waendesha bodaboda mpaka jua likashuka. Nyumbani alimwambia mama yake kwamba askari wa geti walimzuia kuingia. Baba alifariki kabla ya mapambazuko.

"Nilifika getini," alisema mwishoni mwa ujumbe ule. "Hakuna aliyenizuia."

Siku hizo Kinya alikuwa amelemewa. Ripoti ya utafiti ilikuwa imechelewa, na kwa miezi mingi hakuwa ametoa wimbo wowote. Aliisikiliza sauti ile tena na tena. Ilikuwa sauti ya mtu anayesema kweli kwa mara ya kwanza, na Kinya mtunzi akaitamani kabla Kinya mchumba hajaweza kumzuia. Akayakata maneno yale, akayaweka mwanzoni mwa wimbo mpya, akautoa bila kumpa Munyi ausikilize. Wimbo ukapendwa kuliko zote alizowahi kuimba.

"Kwa nini sikuusikia kwanza, kama zile nyingine?" Munyi aliuliza sasa.

"Nilikuwa na haraka. Ripoti, maabara, unajua mambo yangu yalivyokuwa."

"Haraka," Munyi alirudia, kama mtu anayeonja chakula kilichoharibika.

"Naomba nimwone mama."

"Enda, yuko nyumbani. Lakini simu uiache hapa."

Kinya alimtazama asiamini. Munyi hakuondoa macho. Polepole, Kinya aliitoa simu mkobani, akaiweka juu ya kaunta.

Mama Munyi alikuwa uani, ameketi juu ya gunia, akichambua mbegu za ndengu kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umelala mapajani, umepinda penye kiwiko.

"Habari ya asubuhi, mama."

"Mzuri. Vuta hicho kiti."

"Mama, nimekuja kuomba msamaha."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Hujakula, umetoka Nchiru asubuhi hii. Kuna uji kwa chupa hapo, mimina."

Kinya alimimina uji. Mama alingoja mpaka akaonja.

"Huo wimbo niliusikia nje ya kanisa," alianza. "Vijana wa kwaya walikuwa wanaucheza kwa simu. Nikasema, huyo ni mtoto wangu anaongea. Nikafurahi, nikadhani umemfundisha kuimba. Halafu nikasikia kile anasema."

"Mama, mimi..."

"Ngoja. Unaona huu mkono? Nilipoanguka, walitaka kunipeleka hospitali ile. Nikakataa. Nikasema siwezi kupita kwa geti ya watu waliomfukuza mtoto wangu na babake anamwita. Nikapelekwa kwa mzee anayefunga mifupa, na ndio huu. Miaka hii yote nimewalaani watu ambao hawakunikosea."

"Alitaka kukuambia mwenyewe. Alikuwa anatafuta siku."

"Kwani sijui? Kila Krismasi nilimwona akifungua mdomo na kuufunga. Nilikuwa namngojea." Alitupa punje mbovu kando. "Angeniambia hapa, mimi na yeye. Ningelia, ningemtukana, tungemaliza. Lakini niliambiwa na simu ya kijana wa kwaya wa kule Gatakaa, watu wote wakinikodolea macho waone nitafanya nini."

Kinya aliweka kikombe chini.

"Ulipokuja hapa na mambo yako ya mbegu," mama aliendelea, "ulinisomea maneno. Ati nikikataa hakuna ubaya. Ati nikibadilisha mawazo utafuta. Mimi nikakucheka, nikakuambia rekodi tu, hizi ni ndengu. Kwa ndengu uliniomba ruhusa, Kinya. Kwa mume wangu hukuomba."

"Ni kweli, mama."

"Maliza uji. Sijakufukuza."

Kinya alirudi dukani akiwa amelia njia nzima. Munyi alikuwa akipanga mifuko ya mbegu rafuni.

"Nilikuambia nilikuwa na haraka," Kinya alisema akiwa bado mlangoni. "Nilidanganya. Sikukuomba kwa sababu nilijua utakataa."

Munyi aliketi juu ya gunia la chakula cha kuku.

"Asante kwa kusema hivyo," alisema hatimaye.

"Nitauondoa huo wimbo mitandaoni leo."

"Uondoe. Lakini hiyo si ndiyo shida."

"Shida ni ipi?"

"Siku hizi hata nikikohoa kwa simu, ninajiuliza kama itakuwa wimbo. Nilikuwa na mtu mmoja tu wa kuambia mambo, Kinya. Mmoja. Sasa nitamwambia nani kwamba mtu huyo amenikosea?"

Kinya alinyoosha mkono kumgusa bega, lakini mkono ukaishia hewani.

"Kesho nikiwa jukwaani kwenye onyesho langu la Embu, nitawaambia watu wote kwamba nilikukosea."

"Usithubutu. Usinitaje. Watu watapiga makofi, na mimi nitakuwa nimeimbwa mara ya pili."

Alimsukumia simu yake juu ya kaunta. Kulikuwa na ujumbe wa Kendi, rafiki yake wa Meru aliyemsaidia kupanga maonyesho: "Uko wapi? Wametangaza Geti ndio wimbo wa kufunga. Na wale Waholanzi wameandika, wanautaka kwa tamasha lao la kiangazi. Mungu ametukumbuka."

Kinya alimpigia akiwa amesimama nje, kando ya magunia ya makaa.

"Kendi, sitaimba Geti kesho. Na uuondoe mitandaoni leo."

"Umelewa?"

"Sijalewa."

"Basi umerogwa. Kinya, huo ndio wimbo uliokutoa kwa kabati la nguo. Hao Waholanzi wamekuwa na wewe miaka hii yote, walikuwa wanaona mtu wa ndengu tu. Leo wanakuita uimbe."

"Najua."

"Ukiuondoa unarudi palepale. Maabara na blanketi."

"Najua pia."

Kendi alivuta pumzi ndefu. "Kwa mitandao nitautoa jioni hii. Sasa kwa simu za watu, nitautoaje?"

Kinya alikata simu.

Jumapili alasiri ukumbi wa Embu ulijaa. Kinya aliimba nyimbo zake za zamani, zile ambazo Munyi aliwahi kuzisikiliza kwanza na kumwambia wapi panachosha. Watu walisikiliza kwa adabu. Kisha sauti moja nyuma ikaita, "Geti." Nyingine ikaitikia. Baada ya muda ukumbi mzima ulikuwa ukilitaja neno hilo kwa mdundo.

"Wimbo huo siuimbi tena," Kinya alisema. Jina la Munyi hakulitaja.

Walidhani anawachezea. Kijana mmoja aliyekuwa karibu na jukwaa aliinua simu, na kutoka kwenye simu ile Munyi akasema, kwa uwazi kabisa, kwamba alifika getini na hakuna aliyemzuia. Ukumbi ukaupokea wimbo. Waliuimba wote kutoka mwanzo hadi mwisho, kila ubeti, bila kukosea neno, huku mwenye wimbo akiwa amesimama mbele yao na gitaa lake, mdomo umefungwa.

Jumanne ujumbe wa Munyi ulifika: "Kinya, wazee hawatakuja Jumamosi. Baba yako nitampigia mwenyewe. Usibebe hilo peke yako."

Alimpigia kweli. Mzee Muthamia aliongea naye akizunguka uani, kisha akaja kuketi karibu na binti yake kwenye baraza lililonuka rangi mpya.

"Ameongea kwa heshima sana," alisema. "Ni kijana mzuri."

"Ndiyo, baba."

"Nyumba ilihitaji rangi hata hivyo."

Januari, Kinya alirudi Uholanzi. Barua pepe ya watu wa tamasha aliijibu kwa kukataa, akawapendekezea wimbo mwingine, nao hawakuandika tena. Kila Jumapili alimpigia Munyi, na kila Jumapili Munyi alipokea. Hakuwahi kumkatia simu. Labda angekata, Kinya angepata la kulalamikia.

Jumapili moja ya Februari, theluji ikiwa imefunika baiskeli zote za mtaani, waliongea hivi.

"Huko kukoje?" Munyi aliuliza.

"Baridi. Huko?"

"Jua. Ndengu zimetoka vizuri. Watu wanavuna."

"Biashara?"

"Inaenda."

"Na wewe uko aje?"

"Niko sawa."

"Munyi."

"Niko sawa, Kinya."

"Mama je? Mkono?"

Kinya alisikia jogoo, kisha kiti kikivutwa, kama mtu anayejiandaa kuketi aongee kwa kirefu. Sauti ya Munyi iliporudi, ilikuwa ile ya zamani, ya chini, ya mtu aliye na habari moyoni.

"Unajua, juzi mama ameniambia jambo. Tulikuwa tumekaa tu, mimi na yeye, halafu akaanza..."

Kinya aliibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Akaanza nini?"

Jogoo aliwika tena.

"Wacha tu," Munyi alisema. "Ni mambo ya nyumbani. Wewe ulisema huko kuna baridi?"

"Ndiyo," Kinya alijibu, machozi yakimshuka. "Kuna baridi sana."

"Basi vaa vizuri."

Msomaji mpendwa, umeisoma mpaka mwisho, na ninakushukuru. Ninakuomba umtumie mwenzako mmoja simulizi hii, hasa yule ambaye huambiwa siri na watu wanaomwamini. Ila ujumbe wa sauti uliotumiwa wewe peke yako, huo usiupeleke popote kabla ya kumwomba mwenyewe.