Mlevi wa Kwenye Tablo

Asubuhi za mvua Pudentienne alikuwa na desturi zake. Alifuta kioo cha gari kwa kitambaa. Alifanya ishara ya msalaba. Kisha aliwasha injini na kubonyeza kitufe cha mlevi.

Jina hilo alilitunga mwenyewe. Kitufe kilichorwa gari dogo, na nyuma yake mistari miwili iliyopindapinda, kama njia ya mtu anayerudi kutoka kwenye pombe ya ndizi. Akikibonyeza, taa ya njano iliwaka kwenye tablo, yaani ule ubao wa taa na mishale ulio mbele ya usukani. Ilikuwa na gari lilelile la mlevi, na chini yake neno OFF.

Taa ikiwaka, roho yake ilitulia. Nyumbani kwake, mtaa wa Niboye, kila kitu kilichowasha taa kilikuwa kinafanya kazi: redio, pasi, chaja ya simu. Alijiambia kuwa gari nalo ni hivyohivyo. Mchoro ulikuwa wa gari linaloteleza, kwa hiyo kitufe kilikuwa cha kuzuia kuteleza. Na neno OFF halikumsumbua. Redio yake ya dukani ilikuwa na kitufe kimoja tu, kimeandikwa OFF, na ukikibonyeza inaimba.

Gari lenyewe lilitoka Ubelgiji likiwa limeshatumika. Lilikuja na kitabu kinene cha maelezo, kwa Kiflamand. Pudentienne alikulia Bujumbura, akijua Kirundi, Kifaransa na Kiswahili. Kiflamand hakujua hata neno moja. Kitabu kikawekwa kabatini pamoja na sahani za wageni.

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na leseni ya miezi minne. Mumewe Cyriaque, mwalimu mstaafu, hakujua kuendesha. Alikaa kando yake tu, na kila kona alikandamiza sakafu kwa mguu wa kulia, kana kwamba breki iko upande wake.

"Usikanyage, utatoboa gari," Pudentienne alimwambia kila siku.

"Minakusaidia," Cyriaque alijibu kila siku.

Mwaka huo mvua za Aprili zilikuja kwa hasira, na wasiwasi wa Pudentienne ulikuwa mmoja. Binti yao wa pekee, Ingrid, alikuwa na mimba ya miezi tisa. Aliishi Masaka, pembezoni mwa mji, juu ya kilima, mahali lami inapokwisha na udongo mwekundu unapoanza. Mume wake, Niyongabo, alikuwa kazini mbali, mpakani. Mvua ikinyesha, watu wa pikipiki walikitazama kile kilima na kugeuza.

"Njoo ukae kwetu mpaka uzae," Pudentienne alimwomba.

"Mama, ng'ombe wangu naye iko karibu kuzaa. Azae kwanza."

"Kwa hiyo daktari wako ni ng'ombe?"

Ingrid alicheka. Mama yake hakucheka. Alijua kwamba siku ikifika, ni yeye atakayepanda kile kilima.

*

Jumapili walikwenda kumtazama. Manyunyu yalikuwa yameanza. Pudentienne alibonyeza mlevi, taa ikawaka, akaanza kupanda.

Katikati ya kilima magurudumu yalianza kuzunguka bure. Akakanyaga mafuta zaidi. Injini ilipiga kelele, gari halikwenda mbele, na sehemu ya nyuma ikaanza kwenda kando yenyewe. Aliona mfereji kwenye kioo cha pembeni. Aliuona unasogea.

"Inatereza! Pudentienne, inatereza!" Cyriaque alipiga kelele, mguu wake ukikandamiza sakafu.

Gari lilisimama gurudumu moja la nyuma likiwa shibri moja kutoka mferejini. Wanaume wanne waliokuwa wanatoka kanisani walilisukuma mpaka njiani. Pudentienne aliondoka bila kukumbuka kusema asante.

Jumatatu, kwenye duka lake la vitenge, alikata kipande cha mita tano badala ya sita. Mteja alilalamika. Hakumsikia vizuri. Alikuwa anajiuliza ingekuwaje kama Ingrid angekuwa ndani ya gari, na uchungu umeanza. Na mlevi aliwaka! Aliiona taa kwa macho yake. Kama msaada wenyewe ulikuwa umewaka na bado walikaribia kuanguka, basi hakuna tena wa kuwasaidia.

Jioni, kabla jua halijazama, alivuka barabara na kubisha kwa Shallon.

Shallon alikuwa mama kijana aliyekulia Uganda, Mbarara. Alifanya kazi kwenye gereji moja ya Kicukiro, upande wa umeme wa magari. Alikuja na tochi, akakaa kiti cha mbele, kando ya dereva. Cyriaque naye akatoka ndani na kusimama karibu.

"Mama Ingrid, nionyeshe vile unafanyaga. Yote, kama vile ulifanya Jumapili."

Walifunga mikanda, kisha Pudentienne alizungusha ufunguo bila kuwasha injini. Tablo yote ikawaka, nyekundu, njano, kijani.

"Mana yanjye, Mungu wangu!" Cyriaque alisema. "Angalia! Gari yote iko mgonjwa!"

"Hapana, Papa. Hapo inajipima. Washa injini sasa, halafu hesabu polepole."

Pudentienne aliwasha. Kabla hajafika tano, taa zilikuwa zimezimika moja baada ya nyingine. Ikabaki moja nyekundu.

"Hiyo ni ya breki ya mkono, kwa sababu umeivuta. Ukiiachia inatoka," Shallon alisema. "Zingine zote zikitoka, gari imekuambia iko sawa. Ile inabaki, hiyo njo iko na maneno. Na kama kuna taa haiwakagi kabisa pale mwanzo, hiyo pia uniambie. Pengine imekufa. Siku ya shida itanyamaza. Sasa endelea."

Pudentienne alibonyeza kitufe cha mlevi. Taa ya njano ikawaka.

Shallon alikielekezea kitufe tochi. "Hiyo unabonyezaga lini?"

"Kila siku ya mvua. Na kule kwenye kilima. Njo inatusaidia, si ndiyo?"

"Mama," Shallon alisema kwa upole, "hapo umeizima."

"Lakini inawaka!"

"Taa inawaka ili ikuambie kitu yenyewe imezimwa. OFF ni kuzima. Ukiwasha tu injini, msaada uko tayari, wewe hubonyezi kitu. Ukibonyeza, unamwambia mlinzi aende alale."

Pudentienne aliishika shingo yake kwa mikono miwili. Miezi minne. Kila siku ya mvua, kila mahali pabaya, alikuwa anamfukuza mlinzi kwa kidole chake mwenyewe. Machozi yalimlenga, naye hakuyaficha.

"Mwihangane, pole sana," Shallon alimwambia, akimgusa bega. "Tena si wewe peke yako. Pale gereji wanakuja wengi na maneno hayo hayo."

Akamweleza taratibu. Gurudumu likizunguka bure, linachimba tope na halisukumi gari. Kuna kompyuta ndogo inayosikia hilo. Inalishika gurudumu hilo kwa breki kidogo, na kupunguza nguvu ya injini, ili tairi ipate kushika ardhi tena. Gari likianza kwenda kando, inashika gurudumu moja moja ili kulirudisha njiani.

"Wakati inafanya hiyo kazi, huyu mlevi wako anapepesa. Anawaka, anazima, anawaka, anazima. Hapo usiogope. Anakuambia: njia inateleza, minafanya kazi, na wewe punguza mguu. Utasikia gari inanguruma, nguvu inapungua. Usibonyeze kitu."

"Na kama anawaka tu, bila kupepesa?"

"Kama hujabonyeza kitu na anawaka bila kuacha, kuna kitu imeharibika. Gari itatembea, lakini mlinzi hayuko. Uende polepole, unitafute."

Cyriaque alikuwa ametoa daftari. Ualimu haustaafu kirahisi. "Na rangi?" akauliza.

"Nyekundu ni ya kusimama, Papa. Breki, oili, joto la injini. Mkiwa njiani na nyekundu ikawaka, mnatafuta mahali pazuri, mnasimama, mnazima injini, mnapiga simu. Hakuna kusema tutafika tu. Njano inasema nenda taratibu, nionyeshe kwa fundi karibuni. Kijani na bluu zinakupa habari tu, kama taa kubwa ziko zinawaka."

Kisha Shallon alisogeza tochi kwenye kona ya tablo. Palibandikwa picha ndogo ya Bikira Maria.

"Nani aliweka Mama Maria hapa?"

Cyriaque alikohoa. "Ni mimi."

"Kwa nini hapa hapa?"

"Kulikuwa ka-taa kadogo," Cyriaque alisema, akiangalia viatu vyake. "Ka njano. Kalikuwa kananiangalia tangu Pasaka."

"Papa Ingrid!" Pudentienne alishtuka. "Uliniambia ni ya kutulinda!"

Shallon aliibandua picha kwa ukucha, bila kuichana, akampa mzee. Chini yake palikuwa na taa ya njano: mchoro wa tairi iliyokatwa, na katikati alama ya mshangao.

"Hii inasema kuna tairi haina upepo wa kutosha," alisema. Akashuka, akazunguka gari, akainama nyuma upande wa kulia. "Na si upepo tu. Muje muone. Hii imeisha meno, laini kama sahani. Mlinzi anaweza kushika gurudumu, lakini hawezi kuiotesha meno. Tairi kama hii, kwenye tope, hakuna mtu ataisaidia."

Kesho yake waliweka matairi mawili mapya nyuma. Ndani ya ile kuukuu ya kulia fundi alikuta msumari. Taa ya tairi ilizimika. Cyriaque aliibandika picha upya juu ya kisanduku cha mbele yake, mbali na tablo.

*

Alhamisi saa nane mchana simu ililia dukani. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati hata hakusikia vizuri.

"Mama, ng'ombe amezaa," Ingrid alisema. Akavuta pumzi ndefu. "Na maji yangu yametoka. Ambulensi niliita. Wamesema iko mbali, wanakuja, ila kama kuna gari karibu nisingoje."

Pudentienne hakumbuki alivyofunga duka. Anakumbuka alivyokaa kwenye gari, Cyriaque kando yake, na alivyozungusha ufunguo. Tablo ikawaka. "Moja, mbili, tatu, nne," Cyriaque alihesabu kwa sauti. Zikazimika. Akaachia breki ya mkono, ile ya mwisho ikatoka.

Kidole chake kilikuwa kimeshaelekea kwenye kitufe cha mlevi. Akakirudisha kwenye usukani.

Kilima cha Masaka kilikuwa kinatiririka maji mekundu. Aliweka gia ya kwanza kule chini ya kilima, kabla ya kuanza kupanda. Alikwenda kama anayebeba mayai. Pale pale pa Jumapili, gurudumu liliteleza.

Mlevi akaanza kupepesa.

Gari likanguruma, na nguvu ikapungua, wakati yeye alitaka nguvu zaidi kuliko siku zote. Kila kitu ndani yake kilitaka kukanyaga mafuta. Mfereji ulikuwa palepale.

"Anapepesa," Cyriaque alinong'ona. "Anafanya kazi. Punguza mguu."

Alipunguza. Gari lilitikisika, likashika, likateleza kidogo, likashika tena. Halikwenda kando. Lilipanda polepole mpaka taa ikaacha kupepesa na nyumba ya Ingrid ikaonekana.

Ingrid alikuwa mlangoni na jirani yake Mutoni, ameshika tumbo. Nyuma yao, zizini, ndama alikuwa anajaribu kusimama kwa miguu iliyopindapinda. Mutoni alisema atabaki na ng'ombe. Hapakuwa na muda wa maneno mengi.

Kushuka kulikuwa kubaya zaidi. Pudentienne alibaki kwenye gia ya kwanza na kugusa breki kidogo kidogo. Katikati ya kilima taa ikaanza tena. Ingrid aliiona kutoka kiti cha nyuma.

"Mama, kuna taa! Kuna taa inawaka!"

"Hiyo haiwaki, inapepesa," Pudentienne alijibu bila kugeuka, na alishangaa kusikia sauti yake imetulia. "Iko kazini. Nawe fanya kazi yako: pumua."

Wakafika kwenye lami. Wakafika hospitali. Saa kumi na mbili jioni muuguzi alitoka na kuwaambia ni msichana, mzima, na mama yake mzima. Cyriaque aliketi chini palepale kwenye korido akalia. Mtoto aliitwa Kirezi. Ndama, kwa amri ya Ingrid, aliitwa Mlevi.

Siku ya kuwatoa hospitali na kuwapeleka kwake Niboye, jua lilikuwa linawaka. Ingrid alikaa nyuma na mtoto. Pudentienne alizungusha ufunguo, akawasha injini, akaachia breki ya mkono. Cyriaque alihesabu, daftari likiwa gotini.

"Moja, mbili, tatu, nne..." Akakatiza. "Mama Ingrid, usitoke! Imebaki moja. Nyekundu!"

Pudentienne aliinama kuitazama. Ilikuwa picha ya mtu aliyekaa, na mstari umepita kifuani mwake.

"Gari iko sawa, Papa Ingrid," alisema. "Mgonjwa ni wewe. Funga mkanda."

Cyriaque aliufunga mkanda. Taa ikazimika. Akaitazama tablo yote mara mbili, kutoka kona hadi kona, kisha akafunga daftari.

"Zote zimetoka," alisema. "Twende."