Risasi Ndani ya Chungu cha Harusi

Kila Jumamosi asubuhi Kisa alikuwa na kazi zake, na zote alizifanya huku amenuna. Alifagia uwanja, akachota maji bombani, kisha akageuza kokoa zilizoanikwa kwenye kichanja nyuma ya nyumba yao huko Bujonde. Kokoa isipogeuzwa huota ukungu, na bibi yake, Damari, alikuwa mkali wa mambo ya ukungu.

Jumamosi hii nyumba nzima ilikuwa mbiombio. Binamu wa baba alikuwa anaoa Karonga, ng'ambo ya Mto Songwe, upande wa Malawi. Mama alikuwa ametangulia kusaidia mapishi. Baba na bibi ndio waliobaki kuvuka. Kisa alitakiwa kubaki kwa jirani, maana Jumatatu alikuwa na mtihani.

Baba yake, Ambwene, alikuwa mfanyabiashara wa mchele. Alizunguka Bujonde na Makwale akinunua kwa wakulima, na mara nyingi alitembea na fedha za watu. Siku moja majambazi walimsimamisha njiani, wakampora kila kitu na kumvunja mkono. Alipopona aliamua kuomba bastola kwa njia ya halali. Jamani, njia ya halali nayo ina milima yake. Alianzia kwenye serikali ya kijiji, akapelekwa kata, akapelekwa wilayani. Alichukuliwa alama za vidole, akaulizwa kama ana ugomvi na mkewe au majirani, akafundishwa kulenga shabaha, akaambiwa ajenge kasha la chuma ukutani. Nenda leo, rudi kesho. Ng'ombe wake wa maziwa aliuzwa kulipia shughuli hiyo, na bado leseni ilitaka kulipiwa tena kila mwaka.

Isitoshe, leseni hiyo iliishia mtoni. Watu wa ng'ambo ni ndugu zao, wanaoleana na kuzikana, lakini ile ni nchi nyingine yenye sheria yake, na bastola haina undugu. Kwa hiyo kila alipotaka kwenda Karonga, baba alipitia kwanza kituo cha polisi, akakabidhi bastola na risasi zake, zikahesabiwa mbele ya macho yake. "Usumbufu mtupu," alikuwa akinung'unika, lakini alikwenda.

Kisa aliona fahari kubwa kuwa na baba wa namna hiyo, na mdomo wake haukuwa na breki. Alijisifu shuleni mpaka rafiki yake Tuntufye, mtoto wa jirani, akamcheka mbele ya wenzao. "Bastola? Labda ile ya plastiki ya kurushia maji." Darasa zima liliangua kicheko. Maneno hayo yalimkaa Kisa kooni kama mwiba wa samaki.

Asubuhi hiyo, basi, baba alitoa bastola kwenye kasha ili aipeleke kituoni. Aliweka risasi juu ya kitanda pamoja na mkoba. Mara Hezroni, kijana wa bodaboda, akapiga honi nje. Alikuja kuuliza amfuate bibi saa ngapi. Baba akatoka, akaacha mlango wazi.

Kisa alikuwa anapita na ufagio. Aliziona risasi zinavyong'aa. Akajiambia atachukua moja tu, amwonyeshe Tuntufye bombani, airudishe kabla baba hajamaliza maongezi. Akaingia, akaikwapua, akatokea mlango wa nyuma.

Hakufika popote. Bibi alikuwa anakuja na kikapu, na nyuma yake Kisa alisikia baba akifunga mkoba na kuwasha pikipiki yake. Kando ya Kisa, kwenye kibaraza cha nyuma, kulikuwa na chungu kipya, kazi ya Wakisi, wafinyanzi wa kule Matema, kimejaa mchele. Katika ukoo wao, mchele wa harusi haupelekwi kwenye kiroba. Huwekwa ndani ya chungu kipya, hufunikwa kwa jani la mgomba, hufungwa kwa kamba, na mtu wa kukifungua ni bibi harusi mwenyewe. Kikifunguliwa njiani, baraka imemwagika. Kisa alitumbukiza risasi mle ndani na kuusukuma mchele juu yake.

"Ugonile, mjukuu wangu," bibi alimsalimu kwa lugha ya kwao. "Niletee jani la mgomba, lile laini."

Kisa alileta jani. Alitumaini bibi ataingia ndani walau kidogo, lakini bibi aliketi palepale, akaubonyeza mchele kwa viganja na kuombea ndoa ile iwe na amani. Kisha akampa Kisa kamba.

"Funga wewe. Vidole vyangu siku hizi havina nguvu."

Hapo ndipo alipaswa kusema. Hapakuwa na mtu mwingine, na bibi alimpenda kuliko alivyostahili. Lakini aliogopa kugombezwa. Akafunga kamba, fundo juu ya fundo.

"Ndaga, mwanangu," bibi akamshukuru. Haikupita muda Hezroni akarudi, bibi akapanda na chungu chake mapajani, wakaelekea Kasumulu, mpakani. Baba angemkuta huko.

Kisa alikwenda kwa kina Tuntufye. Aliwekewa chai na ndizi, hakuweza kula. Bado alikuwa anajidanganya kwamba huenda hakuna atakayejua, mara simu ya mama Tuntufye ikalia. Alikuwa baba, akipiga kutoka kituoni.

"Kisa, risasi moja haipo," alisema kwa sauti ya chini. "Kuna mtu aliingia chumbani kwangu?"

"Hezroni alikuwa pale nyumbani," alisema Kisa.

Maneno hayo hayakuwa uongo. Ndiyo maana yalikuwa mabaya kuliko uongo.

"Hezroni," baba alirudia taratibu. "Basi. Polisi watamkamata mpakani." Simu ikakatika.

Tuntufye alikuwa amesimama mlangoni, na alikuwa amesikia. "Mbona Hezroni hakushuka kwenye pikipiki?" aliuliza. "Nilimwona kutoka hapa."

Kisa akaanza kulia. Alimweleza rafiki yake yote, kicheko cha darasani, kitanda, chungu. Tuntufye akaketi chini. "Lakini mimi nilikuwa nakutania tu," alisema. "Kisa, bibi yako anavuka na risasi."

Kisa hakuwa amelifikiria hivyo. Alikuwa amewaza viboko, hakuwa amewaza bibi. Aliomba simu akampigia baba.

"Baba, si Hezroni. Ni mimi. Nimeiweka kwenye chungu cha harusi."

Kisa alisikia baba akivuta pumzi, kisha mwanamke akachukua simu. "Mimi ni Afande Jeni. Simama barabarani. Tunakupitia sasa hivi."

Ndani ya gari la polisi hakuna aliyemgombeza, na Kisa aliona heri angegombezwa. Baba alitazama mbele tu. Afande Jeni alijaribu kupiga simu mpakani, lakini safari hii haikupokelewa. Afande Jeni ndiye aliyesema, bila ukali, kwamba upande wa pili mtu akikutwa na risasi bila kibali chao huwekwa ndani kwanza, maelezo baadaye. "Hawatajua kwamba ni bibi wa watu anayekwenda harusini," alisema. "Watajua ana risasi."

Kasumulu palikuwa na msururu wa malori na wafanyabiashara wenye viroba. Watu walikuwa wamemhurumia bibi kwa uzee wake wakampeleka mbele ya foleni. Alikuwa tayari ameshika njia ya daraja, chungu kichwani, mkono mmoja umekishikilia. Kisa aliruka kutoka garini akakimbia, akapita katikati ya watu wazima bila hata kusalimia.

"Bibi, usivuke! Bibi!"

Bibi aligeuka akitabasamu, akidhani amesahau kitu nyumbani. Alipomwona Afande nyuma ya mtoto, tabasamu likamwisha.

"Mama, tunaomba tukifungue chungu," alisema Afande Jeni kwa heshima.

"Hiki hakifunguliwi njiani," bibi alijibu. "Mchele huu nimeuombea. Mnatafuta nini kwa mzee kama mimi?"

Watu walianza kusogea kutazama. Kisa alipiga magoti pale kwenye vumbi. "Kuna risasi ndani, bibi. Niliiweka mimi."

Bibi alikitua chungu, Kisa akafungua mafundo aliyoyafunga mwenyewe. Bibi alitandika kanga yake, mchele ukamwagwa mbele ya wapita njia, na ile risasi ikaanguka na kulala juu ya punje nyeupe. Hezroni, aliyekuwa ameketishwa pembeni na askari mwingine, aliinuliwa akaambiwa yuko huru.

Bibi hakumtazama Hezroni wala askari. Alimtazama mjukuu wake. "Wakati unafunga kamba," aliuliza, "ulijua?"

"Nilijua, bibi."

Bibi akaanza kuzoa mchele, kiganja kimoja kimoja. Kisa alitaka kusaidia lakini alisukumwa mkono kwa upole. Msukumo huo ulimuuma kuliko fimbo yoyote.

Afande Jeni alichukua risasi akamgeukia baba. Bastola ingebaki kituoni mpaka uchunguzi uishe, na huenda asirudishiwe kabisa. Baba hakujitetea. "Niliacha mlango wazi," alisema. "Kosa la kwanza ni langu, na nitaliandikia maelezo." Harusi angeikosa. Bibi alivuka peke yake na chungu kisicho na jani, na kabla hajaondoka alimshika Kisa kichwani, akamwambia watazungumza akirudi.

Baba akaketi na Kisa kwenye ukingo wa barabara.

"Unajua kwa nini walinizungusha vile kabla ya kunipa bastola?" aliuliza hatimaye. "Nilikuwa nalaumu, nikisema wananisumbua. Kumbe walikuwa wanauliza swali moja tu. Je, nyumba hii inaaminika? Leo tumewajibu vibaya, mimi na wewe."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Lakini sikiliza. Ungeniambia pale nyumbani, ningekukaripia, yakaisha. Ungemwambia bibi, angelia kidogo, yakaisha. Ulingoja, na kila ulipongoja mtu mwingine akaingizwa kwenye kosa lako. Ukweli hausubiri hofu yako iishe, mwanangu. Useme ukiwa bado unaogopa."

Kisa aliitikia kwa kichwa huku machozi yanamdondoka. Ng'ambo ya barabara Hezroni alikuwa anaipangusa vumbi pikipiki yake, hatazami upande wao.

"Niende nawe?" baba aliuliza.

"Hapana, baba," alisema Kisa. Akainuka, akavuka barabara peke yake kwenda kumwomba Hezroni msamaha.